Namna ya Kumhudumia Ndama Anayehara kwa Virusi, Hatua kwa Hatua

Virusi vya rota na vya korona huwapata ndama hasa katika wiki tatu za kwanza za maisha. Huingia kwa mdomo na kuharibu vijinyweleo vya utumbo vinavyofyonza maziwa, nayo maziwa yasiyofyonzwa huvuta maji na chumvi za mwili na kutoka nazo kama kinyesi chepesi cha manjano. Ndama hufa kwa kukaukiwa maji na kwa damu kujaa asidi, kwa hiyo tiba inaanzia hapo.

Kwanza, pima maji aliyopoteza. Finya ngozi ya shingo, izungushe kidogo, kisha iachie. Ya ndama mzima hurudi papo hapo. Ikibaki imesimama zaidi ya sekunde mbili na macho yamedidimia, amepoteza takribani asilimia 8 ya uzito wake, yaani zaidi ya lita tatu kwa ndama wa kilo 40. Kisha mtie kidole safi mdomoni. Akikinyonya kwa nguvu, atanyweshwa. Ikiwa hanyonyi na mdomo ni wa baridi, usimmiminie chochote, kwani kitaingia mapafuni. Mwite daktari wa mifugo mara moja amtundikie maji ya mshipa.

Pili, mnyweshe lita mbili za maji vuguvugu yenye chumvi za kurudisha maji mwilini, mara mbili au tatu kwa siku, ukifuata vipimo vya pakiti. Usimnyime maziwa. Inanihuzunisha kuona ndama akifa njaa huku kuhara kumekoma, kwa kuwa chumvi hizo pekee hazimlishi. Yapishanishe tu maziwa na chumvi kwa saa kadhaa.

Antibiotiki haziui virusi. Daktari huzitoa anaposhuku kwamba bakteria wameingia kwenye damu.

Tatu, mtenge mgonjwa na umhudumie wa mwisho. Ondoa kinyesi chote na uoshe banda kwa sabuni kabla ya kupuliza dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu kinyesi huidhoofisha dawa, na virusi vya rota hudumu humo kwa miezi.

Kwa ndama watakaozaliwa, ng'ombe achanjwe wiki kadhaa kabla ya kuzaa, na ndama anywe dang'a (maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa) sawa na asilimia 10 ya uzito wake ndani ya saa sita za kwanza. Kinga ya mama humfikia kwa dang'a peke yake, na baada ya saa 24 utumbo haupitishi tena kinga hiyo kwenda kwenye damu.