Gari yanuka petroli na chini pakavu? Anzia hapa

Kwa joto hili la Mombasa petroli haitulii kwa tangi, ukiacha gari juani mchana kutwa mvuke wajaa mle ndani na ukipata mwanya popote harufu utaisikia tu. Sasa wengi wakisikia harufu mbio kwa fundi, fundi asema pampu, pampu yanunuliwa, na harufu iko palepale. Kabla hujatoa shilingi jiulize harufu yaja saa ngapi na yatokea upande gani, hiyo ni nusu ya kazi.

Mwanzo inama uchungulie chini. Ukiona tone au mpira umelowa, hiyo si mvuke tena, ni petroli yenyewe yavuja, usiwashe gari, mwite fundi aje hapohapo. Kama ni pakavu endelea, lakini fanyia nje penye upepo, injini iwe imepoa, sigara mbali, na kama jirani anachomelea geti mwambie asubiri kidogo.

Anza na kifuniko cha tangi kwa sababu ni bure kukitazama. Ule mpira wa duara ukiwa umepasuka au umekauka kama plastiki, tafuta kingine cha gari hiyohiyo, si chochote kinachoingia. Wako watu walisahau chao petroli stesheni wakachukua cha kubahatisha, kinafunga lakini hakizuii mvuke.

Harufu ikija kila ukijaza fultangi tu, shuku ile shingo ya kujazia petroli. Hapa kwetu chumvi ya bahari haina huruma, na ile shingo imepita nyuma ya plastiki ya tairi la nyuma, matope yanakwama pale, yanashika unyevu, chuma kinaliwa taratibu na kwa nje huoni kitu. Fungua ile plastiki, sugua matope, halafu piga maji ya sabuni uone kama kuna povu. Ikiwa imetoboka badilisha, usikubali mtu aichomelee ikiwa bado iko kwa gari, tangi lenye mvuke ni bomu.

Harufu ikiwa ndani ya gari, hasa kiti cha nyuma, na pampu ilibadilishwa juzijuzi, basi bana inua kile kiti. Kwa gari nyingi kuna kifuniko cha chuma, chini yake ndiyo pampu, na imezibwa na oringi moja kubwa, yaani mpira wa duara. Hiyo oringi ikishakaa na petroli miaka inavimba, ukiitoa hairudi kwa njia yake, utaiona imepinda upande mmoja, na fundi mwenye haraka anaikandamiza hivyohivyo ama anapaka silikoni ambayo petroli itaila baada ya muda. Dawa ni oringi mpya, basi. Chomoa waya hasi wa betri kabla ya kugusa, tangi lisiwe limejaa, pangusa mchanga wote kabla hujafungua usije ukaumwagia ndani.

Sasa kuna ile ya gari kusumbua kuwaka ukitoka tu kujaza petroli, mpaka ukanyage mafuta ndiyo ishike. Hiyo mara nyingi ni valvu ya paji (purge), ile ndogo kule kwa injini inayoruhusu mvuke kutoka kwa kanista ya mkaa, ule mkebe unaonasa mvuke wa tangi, uende ukachomwe. Washa injini ikiwa baridi, chomoa mpira unaotoka kwa kanista, weka kidole pale kwa valvu. Ikivuta kidole wakati huo huo ujue imekwama wazi, ibadilishe. Na ukikuta chembe nyeusi ndani ya mpira, huo ni mkaa, kanista imepasuka ndani, ukiweka valvu mpya peke yake itakwama tena.

Na kinachoua kanista ni mchezo wetu wa petroli stesheni, pampu imeshajikata lakini mtu ataka ifike mia kamili, gari inatikiswa, inaongezwa kidogo kidogo. Petroli yaenda kuzamisha mkaa uliowekwa kunasa mvuke tu. Ikijikata mara ya kwanza lipa uende zako. Lakini ikijikata kila sekunde na tangi ni tupu, hapo njia ya kupumulia imeziba, tope ama mdudu amejenga.

Mipira ya mvuke iliyopasuka ndiyo rahisi kuliko yote, ila nunua mpira wa petroli, ulioandikwa J30R7, si ule wa kuoneka ndani wa maji.

Ukichomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu za gari, P0455 ni uvujaji mkubwa, anza na kifuniko. P0442 ni tundu kama la milimita 1, P0456 kama nusu milimita, na hizo utazimaliza kwa mashine ya moshi, ile inayopuliza moshi ndani uone unapotokea, si kwa macho matupu. Usikubali akutilie upepo wa kompresa ya tairi, presha ile itapasua vitu. Na gari nyingine za kutoka Japani hazijipimi uvujaji hivyo, taa ya chek enjini haiwaki kabisa, pua yako ndiyo taa.

Ukishamaliza futa zile kodi kwa mashine, weka petroli kama nusu tangi, endesha siku kadhaa ukiwasha injini ikiwa imepoa, maanake kompyuta ya gari haipimi uvujaji tangi likiwa limejaa kabisa ama likikaribia kuisha.