Ukienda Mafia msimu wa kasa

Jamani mkienda Mafia kati ya Juni na Septemba msijifungie hotelini, ulizeni pale kijijini Utende kama kuna kiota cha kasa kinakaribia kuanguliwa kisiwa cha jirani cha Juani, watu wa Sea Sense (shirika linalolinda kasa) wanahesabu siku tangu mayai yatagwe, ni kama miezi miwili hivi, kwa hiyo wanajua lini. Boti inategemea maji kujaa na kupwa, halafu mnakatiza kisiwa kwa mguu hadi ufukwe wa mashariki, vaeni viatu sio ndala. Vitoto vikitoka, vidogo kama kibiriti, msivibebe hata mkivionea huruma, viacheni vitambae vyenyewe. Flashi zimeni. Na msikanyage njia yao, vinatumbukia kwenye nyayo zenu (mi nilishafokewa kwa hilo).