Namna ya kufika kwa Emma ukiwa Busia

Haya, kila wiki lazima mtu aniulize mbona ringtoni yangu ni kizungu kinyonge hivi, gitaa linatekenya tu alafu jamaa anaimba kama anaogopa kumwamsha mtoto. Wimbo unaitwa "Emma's House", bendi ni The Field Mice, Waingereza wa huko kusini mwa London, ulitoka 1988, na hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, sijapata bado mtu mwingine anayeujua. Kwa hiyo leo naeleza namna ya kuusikiliza, manake ukiusikiliza vibaya unapita kama maji na utasema nimekumalizia data bure. (Na kuufanya ringtoni ni kosa, nalijua, tutafika huko.)

Kwanza kuupata. Ukiandika jina la bendi peke yake utaletewa panya. Panya kweli, wale wa shambani, na mitego na sumu juu yake. Andika jina la wimbo na la bendi pamoja, au ongeza neno Sarah, hiyo ndo lebo yao, yaani kampuni iliyotoa rekodi zao, Sarah Records ya mji wa Bristol. Walioianzisha ni watu wawili tu, Clare Wadd na Matt Haynes, 1987, wakawa wanatoa rekodi na kuzipa namba moja baada ya nyingine, ilipofika namba 100 mwaka 1995 wakafunga wenyewe, sio kufilisika, waliona tu basi imetosha. "Emma's House" ni namba 12. Magazeti ya muziki kule yalikuwa yanawacheka eti muziki wa watoto wa kulialia, na ndo sababu moja bendi nzuri kama hii ikabaki pembeni. Mimi niliupata kwa kijana wa laibrari Kampala (sio ya vitabu, vile vibanda vya kujaziwa muziki na filamu) aliyenijazia flashi, nilikuwa nimelipia reggae, huu ukawa umejipenyeza katikati umeandikwa Track 01, ikanichukua miezi kujua hawa ni kina nani.

Sasa vifaa, hapa ndo watu wengi wanaharibu. Usiuweke kwenye sabufa. Nakuomba. Wakati huo bendi ilikuwa watu wawili, Robert Wratten anaimba na kupiga gitaa, Michael Hiscock anapiga besi, hakuna mpiga ngoma, ngoma ni ya mashine, na mashine yenyewe haijifichi, ni tik tik tik ya kama cherehani. Kwenye sabufa utasikia mngurumo na cherehani basi, sauti ya jamaa imezama. Na kwenye spika ya simu ni kinyume chake, besi yote inapotea, na besi ya Hiscock ndo nusu ya wimbo (hilo ndo kosa la ringtoni). Tafuta iafoni, hata zile za barabarani za bei rahisi, ila zote mbili ziwe zinalia, sio ile unaipinda waya na kuishikilia na kidole. Ile bass boost, ya kukuza besi, zima. Utaona sauti iko chini kuliko nyimbo za siku hizi, ni kawaida kwa rekodi za zamani, ongeza volyumu tu usiguse kitu kingine.

Wakati mzuri kwangu ni jioni, mvua imekatika, malori yamepanga foleni kungoja kuvuka na madereva wameshuka kutafuta chai. Lakini hata usiku kitandani ni sawa. Kwenye boda hapana, mtakufa.

Usikilize mara tatu, na usifanye yote kwa mara moja. Mara ya kwanza fuata gitaa, lile linalolia juu juu kama matone ya mvua kwenye bati, halina mbwembwe, hakuna mahali mtu anajionyesha vidole. Mara ya pili achana na gitaa fuata besi, uone inavyotembea na njia yake, kuna wakati inaimba vizuri kuliko mwimbaji. Aliyewarekodia ni Ian Catt, na nafikiri jambo la maana alilolifanya ni kuwaacha, hakujaza vitu, kuna nafasi kati ya chombo na chombo, unasikia hewa.

Mara ya tatu ndo maneno. Ni machache. Jamaa anasema nyumba ya Emma ni tupu sasa, mwenyewe hayupo, basi kwa nini mimi bado naiita ya Emma? Ndo hivyo tu. Hakuna kisa cha waligombana, hakuna harusi wala kifo, hatuambiwi alihama lini. Swali moja na gitaa.

Nilikaa na wimbo huu muda mrefu nikidhani ni mapenzi ya kawaida ya kuachwa, mpaka siku nilipojaribu kuuambia kwa Kiswahili. Nikaanza na "nyumba ya Emma", ikasikika kama hati ya kiwanja, kama Emma ni lendiledi. Sisi hatusemi hivyo. Sisi tunasema "kwa Emma". Naenda kwa Emma, nimetoka kwa Emma. Neno nyumba halimo kabisa humo! Sasa ukisema kwa Emma na Emma hayupo, umebaki na nini? Hapo ndo wimbo ulinishika koo, nilikuwa nafua nguo, nikakaa kwenye beseni.

Kwa hiyo hatua muhimu kuliko zote ni hii, na haihitaji data, tafuta "kwa" yako. Kila mtu anayo. Yangu ni kwa Mwalimu. Kulikuwa na mwalimu wa msingi alipanga nyumba ya kona karibu na kwetu, mlango wa bluu, na kibarazani alikuwa anatuazima vitabu bora tu unawe mikono kwanza, kulikuwa na jagi la plastiki na kipande cha sabuni juu ya tofali. Alihama tukiwa bado wadogo. Nyumba imepakwa rangi ya njano, leo ni kibanda cha mobile money na chapati, na bado ukimwambia bodaboda "nipeleke kwa Mwalimu" anakupeleka mpaka mlangoni, na huyo kijana wa boda alizaliwa mwalimu ameshaondoka! Ni kama Kampala vile, soko kwenye karatasi ni St. Balikuddembe lakini nionyeshe mtu anayeenda kununua jinzi St. Balikuddembe, watu wote wanaenda Owino. Chagua ya kwako, ifikirie mlango na rangi yake, alafu bonyeza plei.

Ukitaka kumsikilizisha mtu mwingine kuna adabu yake. Usimwambie "huu wimbo utakuliza", ukisema hivyo ataukagua kama askari wa forodha anavyokagua gunia. Usimtazame usoni wimbo ukiwa unalia. Mi nilifanya kosa hilo kwa rafiki zangu wawili, wote wakasema "mzuri" kwa ile sauti ya kumwambia mtu pole. Kwa fundi wangu wa nguo nikabadilisha, mzee wa watu ana umri wa baba yangu, nilimpa iafoni wakati anapiga pasi, nikasema tu mzee hebu ngoja nitafute kifungo kilichoanguka. Akasikiliza wote. Akaniuliza unasema nini huu? Nikamweleza, kwa Emma hakuna mtu lakini jamaa bado anapaita kwa Emma. Akakunja suruali taratibu, akasema, "Sasa mwanangu, angepaitaje?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina, na nimeusikiliza mara nyingi sana.

Ukishauzoea, kwenye hiyo hiyo EP (rekodi fupi iliyotoka na wimbo huu) kuna nyingine tatu, anza na "When You Sleep". Alafu nenda "Sensitive" ya 1989, hiyo ina hasira kidogo, mwishoni magitaa yanapanda yanapanda mpaka yanakuwa kelele tupu, mke wangu huwa anatoka nje. Kama masikio yako yamezoea mambo ya klabu basi tafuta "Let's Kiss and Make Up", yao kwanza halafu ile ya Saint Etienne, bendi nyingine ya London, walioirudia 1990 kwa mdundo wa kucheza. Na mwaka 1991, wakiwa tayari watu watano na karibu kuvunjika, walitoa "Missing the Moon", ndefu, inadunda kwelikweli. Hiyo sasa weka kwenye sabufa.