Kibaba si pishi: jinsi ya kulinganisha watazamaji wa filamu na tamthilia za mtandaoni

Ubishi wa barazani Lamu kuhusu tamthilia ipi imetazamwa zaidi duniani hauishi, kwa sababu kila mmoja huja na namba yake. Huyu anataja saa, yule anataja watu, wa tatu anataja nafasi kwenye orodha. Huenda wote wanasema kweli, ila mmoja amepima kwa kibaba na mwenzake kwa pishi. Hapa tunatumia takwimu za Netflix, ambazo ni nyingi na hazilipiwi, pamoja na jedwali la kawaida la Excel au Google Sheets, hata la kwenye simu.

Ingia kwenye tovuti yao ya Top 10 upakue faili ya wiki zote. Kumbukumbu zake zinaanzia mwishoni mwa Juni 2021. Orodha za dunia ni nne: filamu za Kiingereza, filamu za lugha nyingine, tamthilia za Kiingereza na tamthilia za lugha nyingine, kila moja ikiwa na kazi kumi. Wiki yao ni Jumatatu hadi Jumapili na orodha hutoka Jumanne. Ukifungua Jumatano asubuhi utaikuta.

Kabla ya kunakili namba yoyote uliyoiokota kwenye habari za zamani, tazama ni ya mwaka gani. Hadi 2019 akaunti ilihesabiwa ikiwa imetazama angalau asilimia 70 ya filamu au ya kipindi kimoja cha tamthilia. Kisha dakika mbili zikatosha, na Netflix yenyewe ikaeleza kuwa kipimo hicho kipya kinatoa namba kubwa kwa takriban asilimia 35. Novemba 2021 wakahamia kwenye jumla ya saa. Juni 2023 wakaanza kugawanya saa hizo kwa urefu wa kazi, wakayaita matokeo mitazamo, na orodha ya zilizotazamwa zaidi ikaacha siku 28 za mwanzo ikachukua siku 91. Namba za dakika mbili hazigeuziki kuwa kitu kingine, kwa hiyo ziache nje ya jedwali. Za saa zinageuzika, na hapo ndipo penye kazi.

Kanuni ni moja: saa zilizotazamwa gawanya kwa urefu wa kazi. Chukua Stranger Things msimu wa 4 na Wednesday msimu wa 1, kila mmoja kwa siku zake 91. Wa kwanza una saa milioni 1,838.0, wa pili milioni 1,718.8. Kwa saa, Stranger Things imeshinda. Lakini msimu huo una urefu wa saa 13 na dakika 4, na wa Wednesday ni saa 6 na dakika 49. Ukigawanya, Stranger Things inapata mitazamo milioni 140.7 na Wednesday milioni 252.1. Tamthilia ndefu hujikusanyia saa hata kama walioifuata ni wachache.

Wengi hukosea kwenye dakika. Saa 6 na dakika 49 si 6.49. Gawanya 49 kwa 60, upate 6.82. Ukiandika 6.49, Wednesday itaruka hadi milioni 264.8, yaani umeizawadia mitazamo zaidi ya milioni 12 ambayo haikuwahi kuwapo. Ukikuta safu ya urefu iko tupu kwa wiki za zamani, jaza mwenyewe kwa kujumlisha urefu wa vipindi vyote vya msimu. Na uangalie msimu uliotoka kwa mafungu: Stranger Things 4 ilitoa vipindi saba Mei 27, 2022 na viwili Julai 1. Wiki za Juni zigawanye kwa urefu wa vile saba tu.

Wiki ya kwanza usiilinganishe kabisa. Kazi iliyotoka Jumatano ina siku tano ndani ya wiki hiyo, iliyotoka Ijumaa ina tatu. Kugawanya kwa idadi ya siku hakusaidii sana, maana siku za mwanzo ndizo zenye moto. Afadhali ujumlishe wiki nne au tano kwa kila kazi, kisha ulinganishe jumla. Kazi ikianguka nje ya kumi bora, usiandike sifuri. Acha kisanduku kitupu, kwani bado inatazamwa. Pengo hilo unaweza kulipunguza kwa ripoti ya kila nusu mwaka, iliyoanza Desemba 2023 ikiwa na kazi zaidi ya 18,000. Nayo ina mtego wake: kazi iliyotoka mwisho wa Juni inahesabiwa siku chache tu katika nusu hiyo.

Kisha kuna ukubwa wa soko. Netflix ilikuwa na wanachama milioni 221.8 mwisho wa 2021, na milioni 301.6 mwisho wa 2024. Ongezeko hilo ni asilimia 36, kwa hiyo mitazamo milioni 100 ya 2021 ina uzito wa karibu milioni 136 ya mwisho wa 2024. Ongeza safu ya mitazamo kwa kila wanachama 100. Bila hiyo kazi mpya itaonekana bora daima.

Takwimu za Nielsen, kampuni ya Marekani inayopima watazamaji, ziwekee jedwali lake. Zinahesabu dakika, Marekani pekee, kwenye runinga pekee, tena huchanganya misimu yote ya tamthilia moja. Anayetazama kwa simu Malindi hayumo humo.

Orodha ya Kenya ipo, lakini inatoa nafasi na idadi ya wiki tu, haina saa. Usijaribu kukisia mitazamo kutokana na nafasi. Tena kati ya Septemba 2021 na Novemba 2023 Kenya ilikuwa na mpango wa bure kwa simu za Android, wenye sehemu tu ya maktaba, kwa hiyo nafasi za kipindi hicho ziwekee alama. Mwenye nyumba ya wageni Malindi anayepokea Waitaliano atafaidika zaidi na orodha ya Italia, iliyo kwenye tovuti hiyo hiyo. Na mtazamo mmoja si mtu mmoja: watu ishirini wakikaa mbele ya runinga moja, Netflix huona akaunti moja inayocheza.