Miungu ya gemu: anza na upepo

Mnaotunga dunia za gemu za kuigiza, msianze na orodha ya miungu 12, huyu wa vita huyu wa mapenzi, wachezaji wanawasahau wote kabla chai haijapoa. Mie hapa Lamu nlianza na wawili tu, Kaskazi na Kusi, zile pepo mbili za msimu, ndugu wasosemezana (mchezo tu jamani, msinishtaki kwa shehe), mmoja analeta majahazi toka Arabuni mwenzake anayarudisha, sasa nahodha akimfukizia ubani mmoja yule mwingine ananuna na safari inaharibika, hadithi ishaanza hapo. Alafu kila mungu mpe kazi zisofanana, kama Poseidon wa Wagiriki, bahari yake, mitetemeko ya ardhi yake, na farasi pia. Na kila mmoja mpe mwiko mmoja, mfano kupiga mluzi chomboni.