Jinsi ya kupima madini ya mfinyanzi kwenye mashapo ya bahari kuu za ncha za dunia

Gramu 5 hadi 10 za mashapo zinatosha. Usizitwange: kwatzi na feldspari (madini ya kawaida ya mawe) zikisagika huingia kwenye kundi la chembe za chini ya mikroni 2, na vipimo vyote vinaharibika. Loweka tu, ukoroge.

Ondoa masalia ya viumbe kwa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 10, kisha chokaa kwa asidi ya asetiki ya asilimia 10. Asidi ya hidrokloriki ni ya haraka, lakini inakula kloraiti, nayo ni mojawapo ya madini unayoyatafuta huku kwenye baridi.

Osha kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha) na maji yasiyo na chumvi mara tatu au nne. Maji yakibaki na ukungu hata baada ya kuzungushwa, chumvi imeisha. Yakijitenga upesi, juu maji safi na chini mabonge, bado chembe zinashikana, osha tena.

Tikisa, uache mtungi utulie. Katika nyuzijoto 20, chembe ya mikroni 2 huzama sentimita 5 kwa karibu saa 3 na dakika 50. Nyonya sentimita 5 za juu tu. Chumba kikiwa na baridi zaidi, ongeza muda.

Tandaza mfinyanzi kwenye kioo, ukaushe, upige eksirei mara tatu: ukiwa mkavu, baada ya kulala kwenye mvuke wa ethileni glaikoli wa nyuzijoto 60, na baada ya saa moja kwenye tanuri la nyuzijoto 550. Mchoro wa eksirei huonyesha kilele kwa kila umbali kati ya tabaka za madini, unaopimwa kwa angstromu (sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Smektaiti, mojawapo ya madini ya mfinyanzi, huvimba hadi angstromu 17. Ilaiti, nayo ya mfinyanzi, haitikisiki, inabaki 10.

Kazi ngumu iko kwenye angstromu 7, ambako kaolinaiti na kloraiti zimebanana kiti kimoja. Rudia kipimo polepole kati ya nyuzi 24 na 26 za pembe ya 2θ (kwa eksirei za mrija wa shaba): kaolinaiti hujitokeza kwenye angstromu 3.58, kloraiti kwenye 3.54. Tanuri peke yake halikupi jibu, kwa sababu linabomoa kaolinaiti na papo hapo linadhoofisha kilele cha 7 cha kloraiti. Tazama kilele cha 14: kikisimama imara, kloraiti ipo. Mashapo yenye dayatomu nyingi (mwani wadogo wenye maganda ya silika), kama ya kuzunguka Antaktiki, huinua kichuguu kipana karibu na nyuzi 22 za pembe hiyo, kwa hiyo chora mstari wa chini kwa mkono badala ya kuiachia programu.

Kwa asilimia, wengi hutumia vizidisho vya mtafiti Biscaye vya 1965: eneo la smektaiti mara 1, ilaiti mara 4, kilele cha 7 mara 2, kisha hicho cha mwisho kigawanywe kwa uwiano wa 3.58 na 3.54. Ni makadirio. Tofauti ya asilimia 2 au 3 kati ya sampuli mbili si habari.

Ukikuta kaolinaiti Antaktiki, usikimbilie kusema hali ya hewa ilikuwa ya joto. Mara nyingi barafu imeikwangua kwenye miamba ya mashapo ya zamani. Smektaiti nyingi kwenye Bahari ya Kara, kaskazini mwa Siberia, nayo, imetoka kwenye basalti (miamba ya volkeno) za milima ya Putorana, ikaletwa na mto Yenisei.