Stelingi ni Sarah: jinsi ya kuzirudia filamu za Terminator

Mimi ni fundi wa redio na televisheni, Tanga. Kioo kikishakaa sawa baada ya matengenezo, huwa nakipima kwa Terminator ya mwaka 1984, kwa sababu karibu filamu nzima ni usiku, na usiku ndio unaoumbua kioo kibovu. Wateja wakiikuta inacheza husema, "Aa, ile ya Anodi." Ni kweli, bila Arnold Schwarzenegger isingekuwa ile. Lakini ukitaka kuzirudia filamu hizi ukazione upya, mfuate Sarah Connor, yule mhudumu wa mgahawa anayechezwa na Linda Hamilton. Stelingi ni yeye. Ukimshika yeye utajua uangalie zipi, kwa mfuatano gani, na zipi hata ukiziruka hupungukiwi.

Kwanza tengeneza televisheni yako. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta kipengele kinacholainisha mwendo, ukizime. Kila kampuni imekipa jina lake, na televisheni nyingi hutoka kiwandani kikiwa kimewashwa. Filamu hizi zilipigwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni ikianza kubuni picha za kujazia katikati, mbio za magari za Los Angeles zinafanana na igizo la studio. Chagua hali ya sinema, achana na ule mng'ao wanaouweka dukani kuvutia wanunuzi. Zima taa. Sehemu ya pili ni pana kuliko kioo, hivyo itakuwa na michirizi myeusi juu na chini. Iache hivyo hivyo. Ukibonyeza kitufe cha kukuza umeshakata pande zote mbili za picha.

Halafu kagua nakala. Ya kwanza ina dakika 107. Ya pili, ya mwaka 1991, ina dakika 137 kama ilivyoonyeshwa sinema, na kuna toleo refu la mwaka 1993 lenye dakika zaidi ya 150. Kama una DVD ya mfumo wa PAL usishtuke ukikuta dakika 103 na 131: mfumo huo huenda picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo filamu inakimbia kidogo. Ila ukikuta ya kwanza ina dakika 90, hiyo imekatwa, irudishe. Nakala za flashi zilizobanwa sana nazo si za kuaminika. Kwenye giza utaona vipande vya mraba vinatembea ukutani badala ya kivuli.

Sauti ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote. Sisi tuliokulia vibanda umiza tuliziona filamu hizi na mtafsiri akiongea juu yake mwanzo hadi mwisho. Nawaheshimu watafsiri wale, walitufungulia dunia. Lakini muziki wa Brad Fiedel ulifunikwa, na ule muziki ni nusu ya hofu yenyewe. Ule mlio wa chuma unaogonga kama moyo wa mashine aliupata kwa kupiga kikaango cha chuma mbele ya kipaza sauti. Spika za nyuma ya televisheni nyembamba haziwezi kuubeba. Unganisha sabufa, hata ndogo, au vaa spika za masikioni. Sehemu ya kwanza ilitoka na sauti ya njia moja, mono. Baadaye ikachanganywa upya kwa spika nyingi na milio ya bunduki ikabadilishwa. Ukiona mono kwenye orodha ya sauti, ichague hiyo. Bunduki zake ni kavu na zinatisha zaidi.

Sasa angalia ya kwanza, na usiiharakishe. Mwongozaji James Cameron aliitengeneza kwa takriban dola milioni 6.4, na ubunifu wa mtu asiye na fedha umejaa kila kona. Mashine inatumwa kutoka mwaka 2029 kumuua mwanamke ambaye atamzaa kiongozi wa vita. Inafungua kitabu cha simu na kuwafuata akina Sarah Connor mmoja baada ya mwingine, kama walivyoandikwa. Tukio ninalolisimamisha kila mara ni lile la chumbani, mashine inapojitengeneza yenyewe. Inapasua mkono, ndani vyuma vinasogea kwenda na kurudi na vidole vinafuata. Stan Winston na mafundi wake walikiunda kitu kile kwa mikono, na jicho la fundi linakubali kwamba kile kifaa kinaweza kufanya kazi. Mwishoni, mifupa ya chuma inapotoka motoni na kutembea, utaona mwendo wake unakatakata. Ni sanamu ndogo iliyopigwa picha moja moja. Isikusumbue. Endelea kumwangalia Sarah: mwanzoni anashindwa hata kumudu oda za wateja, na mwisho ni yeye anayetambaa ndani ya mashine ya kukandamiza chuma na kubonyeza kitufe. Kyle Reese, askari aliyetumwa kumlinda, tuliyedhani ndiye stelingi, ameshakufa.

Usipitishe siku nyingi kabla ya ya pili. Sababu ni tukio moja la hospitali ya vichaa. Sarah anatoroka kwa kufungua pingu na kibanio cha karatasi, anakimbia peku kwenye ukumbi, lifti inafunguka, na anatoka mtu mwenye sura ile ile iliyomwinda mwaka 1984. Anaanguka, anateleza sakafuni akirudi nyuma, mdomo wazi. Kama ya kwanza umeiona jana, utapata baridi mgongoni. Kama uliiona miaka kumi iliyopita, utaona mtu kaanguka tu.

Ukiangalia na mtu ambaye hajawahi kuiona, ficha kasha. Cameron aliijenga nusu saa ya mwanzo ili usijue kati ya wale wawili waliotumwa, Arnold na Robert Patrick, nani amekuja kuua. Matangazo ya biashara yakaiharibu siri hiyo. Mimi nilimwekea mpwa wangu bila kumwambia chochote, na walipofika kwenye kile kichochoro cha duka kubwa, maua ya waridi yakimwagika kutoka kwenye boksi lenye bunduki, alinishika mkono: "Mjomba, kumbe huyu ndiye mzuri?" Lakini mpwa wangu ni kijana mkubwa. Zote mbili zilipewa alama ya R huko Marekani, yaani aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima, na ndoto ya Sarah ya bomu la nyuklia kwenye bustani ya watoto si ya kumwonyesha mtoto mdogo.

Mgeni mpe toleo la dakika 137. Wewe unayerudia chukua refu, kwa ajili ya tukio la chipu. Sarah na mwanawe John wanaizima mashine ya Arnold, ambayo sasa inawalinda, wanaifungua kichwa na kutoa chipu yake, ili waondoe kizuizi ambacho Skynet, ile kompyuta inayoziongoza mashine, iliweka mashine isijifunze. Sarah anainua nyundo aiponde. John anamzuia, na hapo kwa mara ya kwanza unamwona kiongozi aliyepiganiwa. Tukio linaonekana kupitia kioo cha ukutani, lakini kioo hakipo. Ni uwazi tu: upande mmoja Linda Hamilton na Arnold wenyewe, upande wa pili Leslie, pacha wa Linda, akiigiza mikono ile ile na sanamu ya kichwa cha Arnold. Sifahamu kwa nini hadi leo watu husifu kompyuta peke yake katika filamu hii. Kweli, yule mtu wa chuma cha maji anayechezwa na Robert Patrick alileta Oscar ya athari za picha, lakini kazi ya mikono imebeba mengi.

Kisha msindikize Sarah hadi nyumbani kwa Miles Dyson, mhandisi ambaye kazi yake itazaa Skynet. Uso mkavu, anatembea na bunduki bila kusema neno. Mwanamke aliyewindwa na mashine amekuwa mashine. Mtoto wa Dyson anajitupa juu ya baba yake, na kidole cha Sarah kinagoma. Kwangu hapo ndipo kilele cha mfululizo mzima, kabla hata ya pambano la mwisho kwenye kiwanda cha chuma.

Baada ya hapo njia zinagawanyika, na nashauri uchukue karatasi uchore, kwa sababu zinakanushana. Rise of the Machines ya 2003, yaani ya tatu, inamtoa Sarah kwa saratani ya damu kabla hadithi haijaanza, na pengo lake linaonekana. Lakini mwisho wake una ujasiri mkubwa: John anaingia handakini kutafuta kompyuta ya kuizima Skynet, anakuta mitambo ya zamani tu, na redio zinaanza kuita. Kwa ajili ya zile dakika kumi, iangalie yote. Salvation ya 2009 inafuata hiyo. Ndani yake Sarah ni sauti kwenye kanda za kaseti, na nje ya kanda zile sina ninachokikumbuka kwa mapenzi. Genisys ya 2015 iruke. Inayarudia matukio ya 1984 bila uzito wake.

Dark Fate ya 2019 inazifuta hizo tatu na kuunganisha moja kwa moja na ya pili. Jiandae, dakika za mwanzo zitakuumiza kama unampenda John. Haikufanya vizuri sinema, nami naitetea, maana Linda Hamilton amerudi akiwa amevuka miaka 60, na anaposhuka kwenye gari darajani na bunduki mkononi, uchungu wote wa tangu 1984 umo katika hatua zake.

Ukibaki na hamu, tafuta The Sarah Connor Chronicles, tamthilia ya televisheni ya 2008 hadi 2009 yenye vipindi 31, Lena Headey akiwa Sarah. Inaanzia baada ya filamu ya pili na haijali ya tatu. Ilikatishwa hadithi ikiwa njiani, kwa hiyo usitarajie jibu kwenye kipindi cha mwisho.